Mwalimu Aliyebeba Kinanda kwa Mdomo

Kwa miaka sita Mwalimu alikuja gereji kwangu, hapa Mobeni, karibu kila Jumanne alasiri, na kwa miaka hiyo sita hakufungua plagi hata moja. Nalisema hilo mwanzo, mtu asije akadhani nimekaa chini kumsifu. Watu wetu wa Durban wana tabia hiyo: mtu akishahama mji wanaanza kumpaka mafuta, hata wale waliokuwa wakivuka barabara wakimwona anakuja. Mimi sikuvuka barabara. Nilimwambia usoni kila nilichokiona, na hapa nitakisema vilevile. Shule yangu iliishia darasa la tatu, Uvira, na kalamu naishika kama spana, kwa kukaza.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na shingo yake ilikuwa inatangulia mwili. Shati alilifunga mpaka kifungo cha juu, joto liwe joto, na mfukoni alichomeka kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Nyekundu ya nini? Hakuwa na daftari la mwanafunzi yeyote la kusahihisha. Kazi yake Durban ilikuwa kulinda magari South Beach, kwenye barabara moja nyuma ya yale maghorofa yanayotazama bahari. Anavaa kizibao cha kijani kinachong'aa, anamwonyesha mwenye gari pa kuingia, anasimama juani mpaka mwenye gari arudi ampe sarafu au asimpe. Kazi ya halali, sina neno nayo. Mimi mwenyewe nilipofika mji huu nilibeba magunia sokoni. Neno langu ni moja: nilibeba magunia nikijua nabeba magunia. Mwalimu alilinda magari kana kwamba magari yamekuja kumsikiliza.

Kwetu Congo alikuwa amefundisha hesabu na fizikia kwenye shule ya mapadri, na ukikaa naye dakika tano ulikuwa umeshalijua hilo. Ukikaa naye dakika kumi ulikuwa umeshafika Japani.

Hiyo Japani ndiyo iliyomleta kwangu. Pikipiki ninazotengeneza ni za wapeleka chakula na wapeleka dawa, na nyingi zinatoka kampuni moja ya Kijapani, ile ambayo vinanda vyake pia viko karibu kila kanisa letu. Jina sitaji, hawanilipi. Mwalimu alikuwa amesoma habari za mwanzo wa kampuni hiyo kwenye kitabu cha Kifaransa katika maktaba ya mapadri, zikamwingia kama malaria, hazikutoka tena. Mwaka mmoja kabla ya Kombe la Dunia kuja nchi hii alipita mbele ya mlango wangu, akaona pikipiki tatu zimepangwa, akaona alama kwenye tangi, akaingia kama mtu aliyeona ndugu zake.

Kila mara alianza hivi. Anakaa juu ya kreti la soda, anavuta suruali magotini isikunjike, ananyoosha kidole.

"Fundi, unajua mashine hiyo unayoishika ilizaliwa na kinanda?"

"Najua, Mwalimu. Umesema Jumanne iliyopita."

"Voilà. Basi sikiliza."

Na anaisema. Zamani Japani palikuwa na mtu wa kutengeneza saa na vyombo vya hospitali, maskini, anazunguka na vifaa vyake. Siku moja shule ya watoto ikamwita: kinanda chao cha upepo, kilichotoka ng'ambo, kimekufa, na mji mzima hakuna aliyewahi kukifungua. Yeye akakifungua. Kumbe springi mbili tu zimevunjika. Akazitengeneza. Lakini kabla ya kukifunga akachora kila kilichomo ndani, akasema, hiki nami nakiweza. Akatafuta mwenzake, fundi wa mapambo ya chuma, wakahangaika na mbao na vipande vya shaba mpaka wakapata kinanda chao wenyewe. Tatizo, mjini kwao hapakuwa na mtu wa kuwaambia kama ni kizuri au kibaya. Basi wakakining'iniza kwenye mti, mmoja mbele, mmoja nyuma, wakakibeba mabegani kwa mguu mpaka mji mkuu, kupitia milimani.

Hapo milimani ndipo Mwalimu alipopenda kukaa. Miaka sita sijaona watu wale wakishuka mlima ule kwa chini ya robo saa. "Na mvua, Fundi! Na matope! Na mti unawakata mabega!" Kama mvua iliandikwa kitabuni au aliinyesha mwenyewe, sijui. Akiingia mteja katikati, Mwalimu ananyamaza kwa adabu. Mteja akitoka, anawarudisha wale watu wawili chini kabisa, waanze kupanda upya.

Wakifika mji mkuu wanakipeleka kinanda kwenye shule ya muziki. Wakubwa wanakipiga, wanatazamana. Sura ni nzuri, wanasema, lakini sauti hazikupangwa sawa. Hakifai. Hapo Mwalimu alishusha sauti yake mwenyewe na kukuangalia machoni.

"Sasa, Fundi, mtu mwingine angefanya nini? Angelia. Angesema wamenionea kwa sababu mimi natoka mkoani. Yeye akasema, nifundisheni. Akakaa mwezi mzima pale, anajifunza sauti zinapangwa namna gani. Akarudi kwao, akatengeneza cha pili. Hicho kikakubaliwa."

Kutoka hapo alikimbia, maana mlima ulikuwa umemmaliza muda. Kampuni ikakua. Vita vikaja, wakaambiwa watengeneze propela za ndege, kwanza za mbao kwa sababu mbao walizijua, halafu za chuma. Vita vikaisha, mashine za chuma zikabaki zimelala. Yule mwenye kinanda alikuwa ameshakufa zamani. Mkubwa wa wakati huo akasema mashine hizi zisilale bure. Wakachukua pikipiki ya Mjerumani, wakaiangalia kipande kwa kipande, wakatoa ya kwao, nyembamba, nyekundu ya kuiva, wakati za wenzao zote nyeusi kama sufuria za msibani. Watu wakaiita kereng'ende mwekundu. Haijazoeleka hata sokoni wakaipeleka mashindano ya kupanda mlima wao mkubwa, ule wenye theluji, ikawashinda wakongwe.

"Mlima tena," nilimwambia siku moja. "Hao Wajapani wako hawana barabara ya tambarare?"

"Weye unapenda kucheka, Fundi. Mais fundi asiyejua chuma chake kilitoka wapi, huyo ni nyundo tu."

"Na mwenye kujua kilikotoka ambaye hana nyundo?"

Akacheka mpaka akafuta macho. Hilo nalo lilinikera. Utamtukana vipi mtu anayecheka?

Kupanda pikipiki hakuthubutu. Nilijaribu mara ngapi kumpeleka kwenye taxi jioni, nimemwashia, nimempa kofia ngumu. Anaizunguka, anaipigapiga tangi kama shingo ya ng'ombe, anasema leo atatembea, daktari alimwambia atembee. Hakuna daktari. Alikuwa anaogopa. Mtu anakueleza kereng'ende mwekundu alivyopanda mlima wa theluji, halafu anatembea kwa mguu kwa kuogopa barabara ya Mobeni.

Na afadhali aliogopa, kuliko ile siku alipojitia fundi. Palikuwa na mpeleka dawa mmoja, Mtanzania wa Tanga, mtu mzima mwenye watoto wanne, mpole, anaamini kila neno lenye Kifaransa ndani. Pikipiki yake ilikuwa nzima kabisa, imekuja kubadilishwa oili tu. Nikaenda kununua kebo ya klachi. Niliporudi nikakuta Mtanga ameshaondoka, Mwalimu amekaa kwenye kreti lake ameridhika.

Siku mbili baadaye Mtanga akarudi anasukuma. Amevaa moshi.

"Mzee, imeanza kuvuta sigara," akasema. "Kwenye robot, taa zikiwa nyekundu, watu walifunga vioo vyote. Mteja amekataa dawa zake, anasema zinanuka."

Nikafungua plagi, nyeusi, imelowa. Nikanusa tangi. "Umetia nini humu?"

"Petroli. Na oili kidogo, nikachanganya. Mwalimu alisema ndivyo kiwanda kilivyoagiza."

Ndivyo kilivyoagiza, kweli! Kwa kereng'ende! Zile injini za mwanzo zilikunywa petroli iliyochanganywa na oili, hilo hata mimi wa darasa la tatu nalijua, nimezitengeneza nyingi kwetu. Lakini ya Mtanga ni injini ya siku hizi, oili yake iko mahali pake chini. Mwalimu alikuwa amemtibu mtu kwa dawa ya babu yake. Jumanne nilipomuuliza, akafikiri, akasema, "Kihistoria sikukosea." Nikarusha kitambaa cha grisi. Hakikumpata.

Kanisani alikuwa hivyohivyo. Kanisa letu liko Cato Manor, ukumbi wa kupanga, viti vya plastiki. Walipopata kinanda kipya kwa michango, pasta akamwomba Mwalimu aseme neno fupi la shukrani. Neno fupi! Walipofika milimani watoto walikuwa wamelala. Pasta akaanza kupiga makofi katikati ya mvua na matope, akipaza sauti, "Amina, Mwalimu, amina, tumefika, tumefika!" na wanakwaya wakaingia na wimbo kabla Mjapani hajafungua mdomo mbele ya wakubwa. Mwalimu akakaa chini, hakukasirika. Baada ya ibada akanishika mkono nje. "Unaona, Fundi? Wamekosa sehemu yenyewe."

Lakini hata sehemu yenyewe alikuwa anaijua kwa masikio ya watu wengine. Kwenye wimbo alianza juu sana, kinanda kiko chini, na aliendelea palepale juu mpaka ubeti wa mwisho.

Kuna jambo moja sitalificha, kwa sababu nimesema nitasema yote. Wapeleka dawa wawili, Mtanga na mwenzake, walishindwa mtihani wa leseni, ule wa kuandika, wa alama za barabara. Maswali ni ya Kiingereza, yamepinda. Mwalimu akawaambia waje Jumanne tatu. Nikajiandaa kwa Japani. Japani haikutajwa. Alichukua chaki, akachora njia panda kwenye sakafu yangu ya simenti, akaweka boliti kuwa magari, nati kuwa watu. "Hii boliti inatoka kushoto. Robot imezimika. Nani anapita? Usiniambie unachofikiri, niambie unachokiona." Mtanga akikosea, Mwalimu hakumsahihisha, alisogeza boliti pole pole mpaka ikagonga nati, na Mtanga mwenyewe akapiga kelele, "Aa, nimemuua mtu!" Walicheka. Wakapita mtihani wote wawili. Nilizima kompresa saa zile, kwa sababu inapiga kelele sana, na mtu hawezi kufanya kazi watu wakiwa wanapigana na boliti miguuni pake.

Kwa hiyo alikuwa na kazi mikononi na haifanyi. Hilo ndilo lililonitoa uvumilivu. Mtu asiyejua, namsamehe. Mwalimu alijua.

Alikuwa anawaambia watu wote kwamba vyeti vyake vimepotea ofisini, kwamba nchi hii haitaki Mkongo asimame mbele ya darasa. Kila mtu alimwamini, kwa sababu kila mmoja wetu ana karatasi iliyowahi kupotea ofisini. Mimi pia niliamini, mpaka siku mke wake alipokuja gereji. Tunamwita Mama Mwalimu; anasuka nywele kwenye saluni moja karibu na pwani, vidole vyake vimekuwa vigumu kuliko vyangu, na kodi ya chumba inatoka kwenye vidole hivyo. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Papa Fundi, yeye anakusikiliza weye."

"Mama, huyo hamsikilizi mtu. Anasikilizwa."

Hakucheka. Akatoa barua kwenye mkoba, imekunjwa mpaka mikunjo imepasuka. Mimi Kiingereza cha barua sikiwezi, akanieleza. Vyeti havikupotea. Vilikubaliwa, vyote, hesabu na fizikia, tangu mwaka wa Kombe la Dunia. Kilichobaki ni mtihani mmoja wa Kiingereza kwa walimu wa kigeni. Alikwenda mara moja, akarudi mchana, akasema ameanguka. Hakwenda tena.

"Miaka yote hii?"

"Kila mwaka namkumbusha. Anasema mwaka ujao." Akaikunja barua. "Mimi sitaki gari, Papa Fundi. Nataka siku moja nimwone anatoka asubuhi na ile kalamu yake nyekundu, anaenda kuitumia. Basi."

Alipoondoka nilikaa na pistoni mkononi, sijui ni ya nani. Hasira yangu haikuwa ya kuanguka mtihani. Kila mtu anaanguka. Ilikuwa ya ule mlima. Miaka sita anawapandisha wale watu mlima kwenye masikio yangu, wanaambiwa hakifai, wanakaa wanajifunza. Na yeye ameambiwa hakifai, amekwenda kukaa South Beach!

Jumanne akaja. Mtanga alikuwepo, anasubiri breki zake. Mwalimu akavuta suruali magotini.

"Fundi, unajua mashine hiyo…"

"Leo usianzie kwenye saa na vyombo vya hospitali," nikamwambia. "Anzia mji mkuu. Walimwambia nini?"

Akafurahi, maskini. Alidhani hatimaye nimependa. "Kwamba sauti hazikupangwa sawa."

"Akafanya nini?"

"Akakaa. Akajifunza."

"Na wewe ulipoambiwa Kiingereza chako hakikupangwa sawa, ulikaa wapi?"

Kidole chake kilikuwa bado hewani. Akakishusha.

"Nani amekuambia?"

"Wewe hukukaa, Mwalimu. Ulikimbilia parking. Kinanda chako unakibeba kwa mdomo. Kwa mdomo hata mimi nabeba kontena la bandarini, na mlima napanda, na jasho sitoki."

"Eish, Mzee," akasema Mtanga taratibu.

Mwalimu alisimama. Nilingoja acheke kama siku zote. Uso wake ulikuwa wa majivu, na nilipotamka neno parking nilimwona ameshtuka kama mtu aliyepigwa mahali penye kidonda. Sikulielewa, nikadhani ni aibu tu. Akakunjua suruali, akasema, "Bon. Kazi njema, Fundi," akatoka na shingo yake mbele. Jumanne iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Kanisani alikaa nyuma, akaondoka kabla ya matangazo. Kreti nikaliwekea ndoo ya oili chafu. Sikujuta. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Ilipita miezi. Asubuhi moja nilikuwa mjini na pikapu yangu, nimempelekea mteja pikipiki yake, narudi Mobeni. Mbele ya chuo kimoja nikaona watu wamepanga mstari ukutani, vijana wengi, wengine watu wazima, kila mtu na bahasha. Shingo moja imetangulia mstari wote. Nikasimamisha gari mahali pasiporuhusiwa.

Alikuwa na shati lake, kalamu zake mbili, na kizibao cha kijani kimekunjwa chini ya kwapa. Simu sikioni. Aliponiona hakushangaa, alikuwa hana nafasi ya kushangaa.

"Mrundi niliyemwomba anishikie kona hapokei," akasema. "Tulikubaliana asimame kwangu mpaka saa saba. Ameniandikia sasa hivi, amepata kibarua cha siku bandarini. Saa ngapi saa yako?"

"Saa tatu na nusu."

Akautoa mguu mmoja nje ya mstari.

Hapa lazima nieleze, asiyejua asije akacheka. Pale South Beach maegesho hayana hati. Sehemu ni ya anayeisimamia. Ukikosekana mpaka saa nne asubuhi, na hakuna mtu wako aliyesimama badala yako, mwingine akiingia ni yake, leo na kesho na siku zote, na walinzi wa barabara nzima watashuhudia ni yake, hata waliokula na wewe jana. Sheria hiyo wameitunga wenyewe na wanaiogopa kuliko polisi. Mwalimu alikuwa na kona nzuri, karibu na lango la maghorofa. Alisimama miaka kuipata.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Mtihani utakuwepo tena. Kona haitakuwepo."

"Mtihani ulikuwepo tena miaka yote hii."

Akaniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema maneno machache. "Mara ya kwanza pia ilikuwa hivi. Mtu wangu hakuja. Nilimaliza ukurasa mmoja, nikatazama saa ya ukutani, nikaweka kalamu chini, nikakimbia. Nilipofika walikuwa wameshaanza kubishana nani aichukue."

"Kwa hiyo hukuanguka."

"Nilisema nimeanguka."

"Mpaka kwa mke wako?"

"Mwalimu kuanguka mtihani, linatokea, watu wanakupa pole. Mwalimu kukimbia mtihani kwa ajili ya parking…" Akakunja kizibao upya, kikiwa tayari kimekunjwa.

"Mjinga wewe," nikamwambia, na watu wa mstarini wakageuka, ingawa hakuna aliyejua Kiswahili. "Mjinga wa mwisho. Si ungeniambia?"

"Ungesema nini?"

Nikafikiri. Mwaka ule ningesema hapana, na ningemcheka, na Jumanne nzima ningewasimulia wapeleka dawa.

"Haya niambie," nikasema. "Huyo Mjapani wako, mwezi mzima aliokaa mji mkuu anajifunza, nani alimshikia mahali pake kule kwao?"

Miaka sita na sijawahi kumuuliza swali ambalo hakuwa na jibu lake.

"Kitabu hakikusema," akasema.

"Leta hicho kizibao."

"Fundi, weye uko na gereji. Wateja wako…"

"Leta kabla sijabadili mawazo. Na ukitoka mlango huo kabla hawajakusanya karatasi, nitakupiga na spana namba kumi na saba."

Mlango ukafunguliwa, mwanamke mwenye orodha akaanza kuita, mstari ukasogea. Mwalimu akanipa kizibao, na papo hapo akaanza kunifundisha, huku anasukumwa na wa nyuma yake. "Iko nguzo upande wa kulia, Fundi, hawaioni wakirudi nyuma! Na bibi wa ghorofa ya kwanza usimguse mbwa wake! Na simama, usikae, ukikaa wanasema umeondoka!"

"Ingia, Mwalimu!"

Akaingia.

Kizibao hakikufunga tumboni. Nilifika kona yake saa nne kasoro dakika tano, na kijana mmoja mnene, na kizibao chake kipya, alikuwa ameshaweka mguu mmoja juu ya ukingo wa barabara, anasubiri dakika zake. Walinzi wengine wawili wamesogea kushuhudia.

"Papa, hapa iko pa nani?" akaniuliza.

"Pa Mwalimu."

"Mwalimu mwenyewe iko wapi?"

"Shuleni," nikasema. "Ondoa mguu."

Akatazama mikono yangu, kucha zenye grisi ya miaka thelathini, akatazama wale wawili. Mmoja akatikisa kichwa: mtu amesimama, mtu amesimama. Akaondoa mguu.

Kazi ya halali, nilivyosema, lakini ya kipuuzi. Jua linakupiga, mguu unakufa, upepo wa bahari unakutia mchanga kwenye meno. Mwenye gari wa kwanza hakunisalimu. Wa pili alinipigia honi nipishe. Simu yangu iliita mara tatu, wateja, Mobeni, mlango umefungwa, nikaiacha iite. Saa tano hivi pikipiki ikapita na sanduku la dawa nyuma, ikapunguza mwendo, ikarudi. Mtanga, amefunua kioo cha kofia, macho yamemtoka.

"Mzee! Gereji imekufa?"

"Pita wewe. Cheni yako imelegea, naisikia mpaka hapa."

"Mzee, lakini hicho kizibao…"

"Nimesema pita. Kuna gari linataka kuingia."

Lilikuwapo kweli, gari refu jeupe, la mama mmoja aliyekuwa akizungusha usukani kwa wasiwasi, na nyuma yake foleni imeanza kupiga honi. Nikaenda nikasimama kulia kwake, mbele ya ile nguzo, ili anione mimi kwanza. Nikanyoosha mkono. Njoo, mama. Njoo. Bado. Kata kidogo. Njoo, njoo, usiogope, njoo.